Shajara ya mradi: kufunga mbao za faiba simenti zenye rangi ya kiwandani na kuziba viungo vyake

Nyumba ni ya chini, haina ghorofa. Ina mita 11 kwa 8, na ukuta unaovishwa una kimo cha mita 2.8, kuanzia mstari wa chini hadi nyuma ya ubao wa chini ya paa. Fremu ni ya nguzo za mbao za mm 38 kwa 89, zimesimama kila mm 406 kutoka katikati hadi katikati. Juu ya nguzo kuna bodi za OSB (vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) za mm 11, kisha karatasi ya kukinga maji. Madirisha ni 8, kila moja mita 1.5 kwa 1.2, na milango ni 2. Mbao za kuvisha ni za faiba simenti, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi; zina urefu wa mita 3.66, upana wa mm 210 na unene wa mm 8, na rangi yake imepakwa na kukaushwa kwa joto kiwandani.

Shajara inafuata hatua za kazi, siyo kalenda. Uamuzi mmoja uliopitishwa mapema ndio unaoongoza mengine yote: mahali ubao unapokutana na ubao mwenzake hapawekwi silanti, yaani dawa laini ya kuzibia mianya. Silanti inakaa pale ubao unapokutana na kona, dirisha, mlango au bomba, basi. Mafundi waliozoea mbao zinazopakwa rangi baada ya kufungwa hulipinga jambo hili, kwa sababu wao huziba kila upenyo na rangi ya mwisho inaficha yote. Kwenye rangi ya kiwandani hakuna rangi ya mwisho. Mstari wa silanti unapigwa na jua kwa namna yake na ubao kwa namna yake, na miaka michache baadaye kila kiungo kinaonekana kama kovu. James Hardie, kampuni inayouza mbao hizi za rangi kwa jina la ColorPlus, inasema hivyo hivyo katika maelekezo yake: kiungo cha ubao kwa ubao kisizibwe, na vichwa vya misumari visipakwe silanti.

Hesabu ya vifaa

Kuta zote zina mita za mraba 106.4. Ukitoa madirisha na milango, mita za mraba 18.4, zinabaki 88.

Mbao zikipandiana kwa kiwango cha chini cha mm 32, kila safu inaonyesha mm 178. Kwa kimo cha mm 2,800 hesabu hiyo inaishia na kipande chembamba juu kabisa, na jicho linakiona toka mbali. Badala yake zimepangwa safu 16 kamili. Safu ya kwanza inachukua mm 210, mm 2,590 zilizobaki zinagawanywa kwa 15, na kila safu inaonyesha mm 172.7. Mpandiano umeongezeka hadi mm 37, ambayo ni faida pia dhidi ya mvua ya upepo. Gharama yake ni mbao chache zaidi: kila ubao sasa unafunika mita za mraba 0.632, kwa hiyo mbao 140, na kwa asilimia 10 ya ziada zimeagizwa 154.

Misumari ni ya galvanaizi, mm 50, yenye kichwa bapa na kipana. Ubao unachukua mm 8, OSB mm 11, na zaidi ya mm 30 zinaingia kwenye nguzo. Kila ubao mzima unapita kwenye nguzo 10, kwa hiyo misumari 1,540; imenunuliwa 1,800. Karibu na bahari, chuma kisichoshika kutu ndicho cha kutumia, hata kama bei inauma. Misumari ya alumini haifai kwa kazi hii.

Vibati vya nyuma ya viungo vimekatwa 160, yaani idadi ya juu kabisa kabla ya kutoa nafasi za madirisha. Ukubwa ni mm 150 kwa 200. Ni bati la alumini lililopakwa rangi pande zote mbili, si alumini tupu, maana saruji ina alkali inayoila alumini isiyokingwa. Rangi iliyochaguliwa inakaribiana na ya mbao, ili kiungo kikifunguka kidogo pasionekane mstari unaong'aa.

Kupokea mzigo

Mbao zimewekwa juu ya vipande vya mbao, mbali na ardhi, zikiwa bapa, na turubai juu lenye nafasi ya hewa pembeni. Bunda moja lilifika na maji ndani ya nailoni. Limefunguliwa, mbao zimetenganishwa kwa fito nyembamba chini ya paa, na halitaguswa hadi likauke.

Hii si kujifanya waangalifu. Faiba simenti haitanuki sana kwa joto. Inachezeshwa zaidi na unyevu: ikinyonya maji inarefuka, ikikauka inarudi. Ubao uliofungwa ukiwa umelowa unaonekana umebana vizuri siku hiyo, kisha unakauka ukutani na kiungo kinaachana. Ukifika hapo hakuna silanti itakayokuokoa, kwa sababu silanti kwenye kiungo hicho ndiyo tuliyoikataa. Mbao kavu ndiyo hatua ya kwanza ya kuziba viungo.

Ubao unabebwa kwa ukingo, watu wawili. Ukiubeba bapa unajipinda katikati, na nyufa ndogo zinaanza kwenye rangi kabla haujafika ukutani. Karatasi ya plastiki inayolinda rangi inabaki mahali pake wakati wa kukata na kufunga, halafu inatolewa mara tu ubao unapokaa. Ikiachwa juani inang'ang'ania.

Nguzo za kwenye viungo

Hatua hii haionekani kwenye picha yoyote ya kazi iliyokamilika, lakini imepewa muda kuliko zote. Kiungo lazima kiangukie katikati ya nguzo. Nguzo ina mm 38, kwa hiyo kila ubao unapata mm 19 za kukalia. Msumari usipigwe chini ya mm 10 kutoka ncha ya ubao, la sivyo ncha inamegeka. Zinabaki mm 9 hadi ukingo wa nguzo. Kiungo kikihama mm 5 tu, upande mmoja unabaki na mm 4 za mbao, na msumari unapasua nguzo pembeni au unapita hewani ndani ya OSB. Msumari wa namna hiyo hulegea polepole, ncha ya ubao inanyanyuka, na mtu anakuja kulaumu ubao.

Kwa kuwa ndani ya nyumba bado kuko wazi, kila nguzo itakayobeba viungo imeongezewa kipande cha mm 38 kwa 89 ubavuni, kikapigiliwa kila mm 300. Nguzo zilizoongezewa zimewekewa alama kwa nje juu ya karatasi ya kukinga maji, kwa mstari wa chaki kutoka juu hadi chini.

Kipande cha kuanzia na safu ya kwanza

Mstari wa chini umepigwa kwa pima maji ya leza kuzunguka nyumba yote. Umbali kutoka udongo ni mm 150, na kutoka kwenye sakafu ya baraza ya zege ni mm 50. Mbao zikigusa zege zinanyonya maji kutoka chini, na rangi ya kiwandani inaanza kuinuka kwenye ukingo.

Chini kabisa kimepigwa kipande cha kuanzia chenye upana wa mm 32, kilichopasuliwa kutoka ubao wa aina ileile. Kazi yake ni kuusukuma ukingo wa chini wa ubao wa kwanza nje kwa mm 8, ili nao ulale kwa mteremko sawa na wa safu zinazofuata. Bila hicho safu ya kwanza inasimama wima, ya pili inainama, na mwanga wa jioni unaianika kasoro.

Fito ya vipimo imekatwa na kuwekewa alama za safu zote 16 kutoka chini. Kupima safu kwa safu kunakusanya makosa madogo. Alama ya ukaguzi ni rahisi kukumbuka: kila safu tatu ni mm 518 kamili. Ikifika mm 520, safu tatu zinazofuata zinarekebishwa kidogo kidogo. Usirekebishe safu moja kwa mkupuo.

Kukata

Vumbi la faiba simenti lina silika, na silika inayovutwa kwa muda mrefu inaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Kukata kunafanyika nje, upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali na watu. Msumeno una kifyonza vumbi na bleti ya almasi yenye meno 4, na mkataji amevaa barakoa ya N95 au inayozidi hiyo. Grainda imepigwa marufuku eneo hili, kwa kuwa inatoa wingu la vumbi na inaunguza ukingo wa rangi. Sakafu haifagiliwi kavu. Inanyunyizwa maji kwanza.

Kwa msumeno wa mkono wa umeme ubao unalazwa uso chini, kwa sababu meno yanapanda kutoka chini na yanamegea juu. Kwa kukwaruza na kuvunja, uso unakuwa juu na kisu kinapita upande wa rangi.

Vumbi lililotua kwenye uso linapanguswa papo hapo kwa kitambaa laini kikavu. Likilowa kwa umande linashika kama saruji lilivyo, na kulikwangua kunaacha alama.

Kila ukingo uliokatwa unapakwa rangi ya ukingo kabla ubao haujapanda ukutani. Brashi ndogo inatosha, na kinachomwagikia usoni kinafutwa kabla hakijakauka.

Ukuta mrefu wa mbele

Mbao za kona zina upana wa mm 90 na unene wa mm 25. Unene huo umechaguliwa makusudi: mbao mbili zikipandiana, ukingo wa chini unajitokeza takribani mm 16 kutoka kwenye OSB, na kona nyembamba ingemezwa.

Ubao wa mm 3,658 ni sawa na nafasi 9 za nguzo. Kwa hiyo kiungo cha kwanza kikikaa katikati ya nguzo, vinavyofuata vinajipata vyenyewe. Ubao wa kwanza unapunguzwa mm 95, yaani mm 90 za kona na mm 5 za mwanya, na unabaki mm 3,563. Safu ya pili inaanza na kipande cha nafasi 6, mm 2,343. Ya tatu inaanza na kipande cha nafasi 3, mm 1,124. Safu ya nne inarudia ya kwanza. Viungo vya safu zinazofuatana vinaachana kwa nafasi tatu za nguzo, wakati kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni mbili.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mikato yote inaelekea kwenye kona. Ncha za kiwandani, zilizokatwa wima na kupakwa rangi hadi ukingoni, ndizo zinazokutana kwenye viungo vya wazi. Ncha za msumeno zinakaa pembeni, mahali silanti itazifunika. Na mabaki hayapotei. Kipande cha kuanzia cha safu ya pili kinatoka upande wa kulia wa ubao, na kilichobaki upande wa kushoto, chenye ncha yake ya kiwandani, ndicho kinachomalizia safu hiyohiyo kwa mm 1,151. Safu ya tatu vivyo hivyo: mm 1,124 na mm 2,370 zinatoka kwenye ubao mmoja, na zinabaki mm 164 za kutupa. Sehemu zenye madirisha zinavunja mpango, lakini hapo hapana shida, maana kipande kinachokaa kati ya dirisha na kona hakina kiungo cha wazi.

Misumari inapigwa mm 25 kutoka ukingo wa juu. Safu ya juu yake inapanda mm 37, kwa hiyo kichwa kinafichika na hakuna cha kupaka rangi. Pale upepo ni mkali, majedwali ya mtengenezaji yanaweza kudai msumari wa usoni karibu na ukingo wa chini. Hilo linaangaliwa kabla ya kuagiza, siyo baada.

Bunduki ya misumari imepunguzwa nguvu hadi kichwa kibaki juu kidogo, kisha kinamaliziwa kwa nyundo hadi kilale sawa na uso. Msumari uliozama ndani umevunja ngozi ya ubao na hauna nguvu tena: unapigwa mwingine pembeni. Uliobaki juu unausukuma ubao wa safu inayofuata, na mwanya unatokea chini yake.

Viungo vya ubao kwa ubao

Ubao wa kushoto ukishakaa, kibati kinaingizwa nyuma ya ncha yake hadi nusu, mm 75 kila upande wa kiungo. Ukingo wake wa juu unalingana na wa ubao, na wa chini unaishia mm 10 juu ya ukingo wa chini wa ubao. Hapo kinapita mbele ya safu ya chini kwa mm 27 na bado hakionekani. Hiyo ndiyo njia ya maji: yanayopenya kwenye kiungo yanateremka juu ya kibati na kutoka kwenye uso wa ubao wa chini. Kibati kikiishia nyuma ya safu ya chini, maji yanapelekwa ndani ya ukuta. Kikining'inia chini ya ukingo, kinaonekana.

Ubao wa kulia unasogezwa hadi uguse wa kushoto. Ugusane tu. Kuugonga kwa nyundo ili ubane kunamega rangi kwenye ncha, na mbao zikinyonya unyevu hazina pa kwenda isipokuwa kutunisha kiungo nje.

Ukaguzi wa ukuta wa nyuma umeonyesha viungo vitatu ambavyo uso wa ubao mmoja umejitokeza kuliko mwenzake. Sababu mara zote ni moja kati ya mbili: OSB imevimba kwenye ukingo wake, au kichwa cha msumari wa OSB kimebaki juu. Mbao zimeshushwa, OSB imepigwa randa, na viungo vimekaa sawa.

Juu na chini ya madirisha

Juu ya kila dirisha na mlango kuna bati lenye mteremko, na karatasi ya kukinga maji inalala juu ya mguu wake wa wima. Ubao unaishia mm 6 juu ya bati. Mwanya huo hauzibwi kamwe. Ndiyo mlango wa kutokea wa maji yaliyopita nyuma ya mbao, na mtu mwenye bunduki ya silanti mkononi huona mwanya huo unamwita. Kwenye nyumba hii umewekewa tepu ya bluu hadi kazi ya silanti iishe.

Mbao zinazokatwa umbo la L kuzunguka dirisha hupasuka kwenye pembe ya ndani, mara nyingi wakati wa kubebwa. Pembe inatobolewa kwanza tundu la mm 10, kisha mikato miwili inakutana kwenye tundu hilo.

Silanti

Iliyochaguliwa ni ya polyurethani inayokidhi kiwango cha Marekani cha ASTM C920, daraja la 25, rangi inayolingana na ya mbao za kona. Silikoni ya kawaida imeachwa kwa sababu haishiki rangi. Siku ukuta ukihitaji kupakwa upya, kila mstari wa silikoni utakuwa tatizo.

Daraja la 25 maana yake silanti inavumilia kunyooka au kubanwa kwa asilimia 25 ya upana wa kiungo. Mwanya wa mm 3, ambao ni kiwango cha kawaida cha maelekezo, unavumilia mm 0.75. Mwanya wa mm 5 unavumilia mm 1.25. Ubao ukitembea mm 1, wa kwanza unachanika na wa pili unabaki mzima. Ndiyo sababu ya kuacha mm 5 kila mahali, na kipande cha plastiki cha unene huo kimetumika kama kipimo wakati wa kufunga.

Silanti inatakiwa ishike pande mbili, ubao na kona, isishike nyuma. Ikishika pande tatu haiwezi kunyooka, inachanika katikati. Nyuma imeingizwa kamba ya povu ya mm 6, inayobanwa kidogo ndani ya mwanya. Pale ambapo kina hakitoshi kwa kamba, karibu na ukingo wa juu wa kila ubao unaoonekana, umewekwa ukanda mwembamba wa tepu isiyoshika silanti. Kwa sababu mbao zimelala kwa mteremko, mstari wa silanti unapanda kama meno ya msumeno, na chini ya kila mpandiano kuna pembetatu ndogo iliyo tupu. Pembetatu hiyo ndiyo inayosahaulika. Mdomo wa tyubu unasimamishwa hapo na kusukumwa hadi ijae, kisha unaendelea kupanda.

Urefu wa kuziba: kona mita 22.4, pande za madirisha mita 19.2, chini ya madirisha mita 12, pande za milango mita 8.4, jumla mita 62. Mstari wa mm 5 kwa 5 unakula tyubu ya ml 300 kwa kila mita 12. Zimetumika tyubu 6, na ya 7 imemalizia kuzunguka mabomba na taa.

Nyuso zimepanguswa vumbi na ziko kavu, na joto liko juu ya nyuzi 5 za Selsiasi. Tepu ya karatasi imebandikwa pande zote mbili, silanti imesukumwa, imelainishwa kwa kijiko cha plastiki kwa pigo moja, na tepu imetolewa kabla silanti haijafanya ngozi. Kidole chenye mate hakitumiki. Na silanti iliyopakaa usoni mwa rangi ya kiwandani haifutwi kwa asetoni wala thina, maana rangi yenyewe inalainika na doa linabaki liking'aa. Inaachwa ishike, kisha inakwanguliwa taratibu kwa ukingo wa plastiki.

Rangi ya kurekebishia

Inapakwa kwa brashi nyembamba kwenye mikwaruzo na mimego midogo isiyozidi ukubwa wa sarafu. Haipakwi kwa rola, wala kufunika eneo pana: imekauka kwa hewa na ile ya kiwandani kwa joto, mng'ao hautalingana. Mbao mbili zilizogongwa na ngazi ukuta wa mbele zimetolewa na kubadilishwa. Ubao wa katikati unatolewa kwa kuingiza bleti ya chuma nyuma yake na kukata misumari. Mpya unapigiliwa usoni, mm 20 kutoka ukingo wa chini, kwa misumari yenye kichwa cha rangi.

Yaliyobaki

Tepu ya bluu juu ya madirisha imetolewa yote, na mianya 10 imekaguliwa kwa kupitisha kipande cha kadi. Bunda lililofika na maji limekauka na limetumika kwenye safu za juu za ukuta wa nyuma. Zimesalia mbao nzima 7. Zimehifadhiwa ndani zikiwa bapa, na namba ya toleo la rangi imeandikwa kwenye ukingo wa kila mmoja, pamoja na kopo la rangi ya kurekebishia lililofungwa vizuri. Viungo vya ukuta unaopigwa na jua la mchana vitapimwa upya kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) baada ya kiangazi cha kwanza, na mwanya unaopita mm 1 utaandikwa hapa pamoja na safu yake.